Mshono wa Bomba la Tatu

Mlangoni kwa gereji yetu, upande wa kulia, kuna misumari miwili, na kwenye kila msumari kimening'inia kipande cha bomba kisichozidi urefu wa kiganja. Wateja wengi hawavioni. Wanaoviona hudhani ni sampuli za kazi, kama kinyozi anavyobandika picha za vichwa ukutani, na huuliza kwa kusifu. Mimi huwajibu ukweli. Si kwa kuwa mimi ni mtu mkweli. Niliamriwa, na aliyeniamuru hukaa kwenye kiti cha plastiki hatua tano kutoka hapo, na masikio yake hayana ugonjwa wowote.

Huyo ni mjomba wangu, kaka yake mama. Mtaa mzima unamwita Mzee Kidole. Kazi yake tangu ujanani ni mabomba ya moshi, hasa ya magari ya zamani, yale ambayo hata kiwanda kimesahau kwamba kiliyatengeneza. Ukimletea gari jipya atakwambia upeleke kwa wenye kompyuta. Lakini ukileta gari kongwe atainuka, ataweka mkono kwenye boneti na kuuliza limezaliwa mwaka gani. Likiwa limemzidi umri, huliamkia, "Shikamoo." Likiwa dogo kwake, hunyamaza kusubiri aamkiwe yeye. Wateja huangua kicheko, naye wala hatabasamu.

Jina la Kidole alilipata zamani, kabla macho yake hayajaingia ukungu. Alikuwa hakubali mshono wa kuchomelea kwa kuutazama. Alipitisha kidole cha shahada juu yake, polepole, huku ameinua uso kama anayesikiliza jambo la mbali. "Jicho hudanganywa na rangi," alikuwa akisema. "Kidole hakijui rangi."

Na alikuwa na sheria moja ambayo mafundi wengine waliiona ni kupoteza muda. Kitakachofunikwa, kwanza kionyeshwe. Ukitengeneza heda, yaani yale mabomba yanayochukua moshi kwenye injini na kuupeleka kwenye ekzosi, huruhusiwi kuyafunga utepe wa kuzuia joto mpaka injini iwashwe mara tatu mabomba yakiwa uchi. Yapate moto, yapoe, ukaze nati. Yapate moto tena. Mara ya tatu yakishapoa, kidole cha pili, kisicho cha aliyechomelea, kipite kwenye kila mshono. Ndipo utepe. Hata mwenye gari aliitwa apapase. Nimeona mawakili na suti zao wameinamia injini wakishikashika mabomba, na mjomba pembeni akiwasimamia kama mwalimu wa mtihani.

Nilianza kwake nikiwa na miaka kumi na tisa. Wakati wa mambo haya nilikuwa na thelathini na nne, mke, watoto wawili na kitambi kinachoanza. Nilikuwa fundi mzuri, nasema bila kujisifu. Ubaya wa fundi mzuri ni kwamba hapendi kukosea watu wakimtazama.

Ndipo akaja Nesi. Alikuwa mkunga mstaafu, mama mwembamba mwenye sauti ya kuamuru watu wasukume. Gari lilikuwa la marehemu baba yake, la silinda nne, lenye kabureta iliyokaa juu kabisa ya mabomba ya moshi. Manifoldi yake, yaani heda ya kiwandani ya chuma kizito, ilikuwa imepasuka na moshi ulikuwa unaingia ndani. Alitaka jambo moja tu: aliendeshe mwenyewe mpaka kwa dada yake, ng'ambo ya milima.

"Baba hakuniruhusu kuugusa usukani hata siku moja," alisema. "Nataka dada anione nikishuka upande wa dereva."

Alikuwa ameonyeshwa kwenye simu picha ya mabomba mapana yanayong'aa. Mjomba aliisogeza ile simu mpaka puani, akaitazama.

"Hayo ni mazuri kwa kupigia picha, Nesi. Injini yako ina pumzi ndogo. Ukiiwekea bomba pana, moshi unatembea kwa uvivu, na mlimani utalia wewe. Tutachukua bomba jembamba, chuma chake kinene kidogo ili kisipasuke, yote manne urefu mmoja. Mawili mawili yaungane, halafu yawe moja."

"Na joto? Baba alikuwa akisema likipanda mlima petroli inachemka, linazima."

"Marehemu alisema kweli. Tutayafunga utepe, halafu juu yake tutaweka bati la kukinga kabureta, na kati ya bati na bomba iachwe nafasi ya upepo. Ila utepe nao una tabia yake mbaya. Unatunza unyevu na unaficha. Kila mwaka uje tuufungue tutazame chini yake."

"Kama bandeji," Nesi akasema.

"Kama bandeji," mjomba akakubali, akafurahi kwamba ameelewa.

Kupima ilikuwa kazi yangu. Tunapima kwa waya laini: unaukunja kufuata njia ambayo bomba litapita, usiguse chasisi, usiguse fimbo ya usukani, kisha unampa mchomeleaji aufuate. Raba za kukalia injini zilikuwa zimekwisha na mpya zilikuwa hazijafika, kwa hiyo injini nilikuwa nimeiinua kwa jeki. Nikakunja nyaya zangu nne nikipiga mluzi.

"Injini imekaa?" mjomba aliuliza kutoka mezani kwake.

"Imekaa, Mjomba."

Wakati ule sikuwa nadanganya. Niliiona imetulia, nikasahau kwamba imetulia juu ya jeki. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Hata muuza betri wa jirani, asiyejua kushika spana, hawezi kulifanya.

Mjomba alichomelea siku mbili. Mabomba manne, kila mshono wake, kwa mwali mdogo wa gesi na miwani yake myeusi yenye kamba ya raba. Yalitoka mazuri hata nikaona wivu. Siku ya tatu, raba zikafika, naye akaenda kliniki ya macho na mkewe. Nikaziweka raba, nikateremsha jeki. Injini ikashuka upana wa kidole, na bomba la tatu likakaa juu ya fimbo ya usukani kama mtu aliyeegemea ukuta.

Nilisimama pale nikilitazama. Nilijua la kufanya. Ningesubiri saa mbili tatu, mjomba arudi, nimwambie, "Mjomba, nilipima injini ikiwa inaning'inia." Angecheka. Angemwita muuza betri na muuza spea waje wacheke naye, na kabla ya Ijumaa mtaa mzima ungekuwa unaniita Injini Imekaa. Hicho ndicho nilichokiogopa. Si kupigwa wala kufukuzwa. Nilimuuza mjomba wangu kwa kuogopa kuchekwa, na nimetafuta neno la adabu zaidi la kuliita jambo hilo nikalikosa.

Nikachukua grainda, nikalikata bomba la tatu karibu na mshono wa mjomba, nikalisogeza, nikalichomelea upya. Sikusaga kingo, kwa sababu nilikuwa nasikiliza mlango. Paliacha nafasi, nikaijaza kwa waya wa kuchomelea ulioyeyuka. Kwa juu lilionekana limeshika. Lilipopoa nilipitisha kidole, nacho kikaniambia wazi: chuma kimelala juu ya chuma, hakikuingia. Nikaulowesha utepe kwenye ndoo, kama inavyotakiwa, nikauzungusha kwenye mabomba yote manne, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, nikakaza vifungo vya chuma. Ilikuwa kazi safi sana ya utepe.

Mjomba alirudi macho yamelowa dawa. Akanyoosha mkono, akakutana na utepe.

"Umeshafunga?"

"Nesi alikuwa anaulizia, Mjomba."

"Uliyawasha mara tatu?"

"Mara tatu."

"Ukapitisha kidole?"

"Nilipitisha."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo linaloniuma kuliko mengine. Alinigonga begani. "Haya," akasema, "leo nisingeona hata tembo." Akaenda kukaa.

Nesi aliondoka asubuhi amevaa miwani ya jua. Kwenye mlima wa pili, mshono wangu uliachia. Moshi wa moto ulitoboa utepe, ukalipita bati kwa ubavuni, ukaunguza nyaya, na ndani ya gari kukawa hakuonekani mbele wala nyuma. Alisimama, akafungua boneti kwa mkono mtupu. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyemwaga mchanga kuuzima moto. Hakufika kwa dada yake. Alirudi kwetu akiwa abiria, gari likivutwa kwa kamba, kiganja chake cha kulia kimefungwa bandeji.

Natamani angetukana. Alisema kwa upole, "Mzee wangu, sikuja kugombana. Macho yanachoka. Hata mimi nilistaafu nilipoanza kuukosa mshipa."

Mimi nilikuwa chini ya boneti, nimeshafungua utepe. Nikasema, bila kumwangalia mtu, "Ni bomba la tatu, Mjomba. Kwenye mshono."

Nikamsogezea. Alinyoosha mkono, kidole cha shahada mbele. Lau angeligusa, mambo yangeishia hapo, maana mshono wa mtu ni kama mwandiko wake na wangu aliufahamu miaka kumi na mitano. Kidole kilifika karibu, kikasita. Akakikunja.

"Usinipe," alisema. "Sitaki kuligusa." Kisha akamgeukia Nesi. "Mshono ni wangu, mama. Nimekuunguza. Niwie radhi."

Nami nilinyamaza. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na nafasi, watu watatu tu tulikuwepo. Na kidole chake kiliporudi nyuma, ndani yangu nilifurahi. Nilifurahi! Nikikumbuka furaha ile, hadi leo uso hunichoma nikiwa peke yangu.

Mjomba aliiweka miwani myeusi kwenye droo siku ileile. Kile kipande nilikikata, nikakificha kwenye kopo la nati chini ya meza. Nikatengeneza bomba jipya kwa wiki nzima, nikaliwasha mara tatu, nikamwita Nesi apapase kwa mkono wa kushoto. Safari hii alifika kwa dada yake. Aliporudi alinisifu: "Una mkono wa mjomba wako, wa enzi zake." Nikamshukuru. Nilimshukuru kweli, kwa mdomo wangu huu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi saba, na kila siku niliikuta bado inaendelea. Wateja walianza kuniita Mkuu. Nilipokwenda kumwamkia mjomba nyumbani, nilimkuta anazidi kuwa kipofu. Aliacha kumimina chai, akisema atamwaga. Akaanza kutembea ameshika ukuta. Barabara aliyoivuka peke yake kila asubuhi, sasa alisimama ukingoni akisubiri kushikwa mkono. Mbele ya wageni alijitania: "Mimi ni Mzee Kidole, jicho halimo kwenye jina." Walicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Mwezi huo wa saba alikuja gereji mkazamjomba, mkewe, mwanamke asiyepoteza maneno. Alikuwa na kadi ya kliniki mkononi na alikuwa na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi.

"Daktari kampima tena," alisema. "Macho yake yapo palepale yalipokuwa mwaka jana. Palepale! Ananiuliza mbona mzee anaongozwa kama asiyeona kabisa. Sasa mwanangu, mimi sielewi. Nani kamwambia mume wangu kwamba haoni?"

Hakuwa ananiuliza mimi, alikuwa anauliza tu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza, na hapa kikulacho chenyewe kinamwangalia anayeliwa. Nikainama chini ya meza, nikatoa lile kopo, nikamfuata mpaka nyumbani.

Mjomba alikuwa kwenye kiti chake karibu na redio. Nikazima redio. Nikapiga magoti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, naye akashtuka akidhani kuna msiba.

"Shika hiki, Mjomba."

Alipokitambua kuwa ni bomba alivuta mkono. Nikaushika, nikasema, "Nakuomba." Mkewe alikuwa mlangoni. Kidole kikateremka.

Kile kipande kina mishono miwili, kwa sababu nilikata karibu. Kidole kilikutana kwanza na wake. Kilikwenda, kikarudi, kikaenda tena. Mshono ulikuwa mzima, laini, haukuwa na kasoro.

"Huu wangu," alisema taratibu.

"Ndiyo."

Kidole kikaendelea. Kikafika kwenye ufa, kikazama kidogo, kikasimama.

"Na huu?"

"Wangu, Mjomba."

Nikamwambia yote, jeki, waya, grainda, ndoo. Hakunikatiza. Nilipomaliza, alikizungusha kile kipande mapajani.

"Ulidhani ningekucheka," alisema.

"Ndiyo."

"Ningekucheka. Ningekucheka mpaka mbavu ziniume, mjinga wewe. Ningemwita muuza betri. Halafu tungelikata upya, mimi na wewe, jioni tunakunywa chai." Sauti yake ikapanda ghafla. "Mama wa watu nilimwomba radhi kwa mkono wako! Miezi saba mke wangu ananimiminia chai!"

Akainuka. Hakushika ukuta. Alitoka nje, akavuka barabara peke yake, mimi na mkazamjomba tukimfuata kama watoto waliofukuzwa darasani. Gerejini alikwenda moja kwa moja kwenye droo, akavaa miwani yake, akachagua vipande viwili vya bomba jembamba, akavisaga kingo, akavibana. Muuza betri alikuja kusimama mlangoni, akapiga makofi: "Mzee karudi!" Na mimi nilianza kupumua. Nilidhani basi, kosa limesemwa, kosa limekwisha.

Mwali uliwaka vizuri. Akainama. Kwa upana wa vidole viwili mshono ulikwenda kama zamani, kisha mkono ukatetemeka. Mkono uliokuwa ukishika moto kila siku kwa miaka arobaini ulikuwa umekaa miezi saba ukishika ukuta. Mwali ukazembea, chuma kikatoboka. Akarudi nyuma kuziba tundu, akatoboa jingine. Muuza betri aliacha kupiga makofi. Mjomba alizima gesi, akavua miwani, akasubiri bomba lipoe. Kisha akapitisha kidole, mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka matundu.

"Huu sasa ni wangu," alisema.

Akaninyooshea. "Tundika mlangoni, pamoja na kile chako. Atakayeuliza, mwambie. Na kabla hujatundika, nenda kwa Nesi."

Nilikwenda. Nesi alinisikiliza huku amesimama, akikunja na kukunjua kile kiganja chenye kovu linalong'aa. Sikusema nisamehe, niliona ni kumwongezea kazi. Aliniambia, "Na mimi nilimwambia mzee macho yamechoka." Akafunga mlango. Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa mjomba, na walizungumza nini sijui, sikustahili kuwepo.

Mjomba sasa huja kila siku. Humimina chai mwenyewe, huvuka barabara mwenyewe, huamkia magari. Miwani myeusi mara mojamoja huitoa kwenye droo, akaifuta, akairudisha. Nimemwambia ajaribu tena, mkono utazoea. Hunijibu, "Tutaona." Bado hatujaona.

Lakini hakuna heda inayofungwa utepe hapa bila kupita kwake. Nikishayawasha mabomba mara tatu na yakapoa, namletea kiti karibu na gari, naye hunyoosha kidole. Hupapasa mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa tatu hukawia, hata kama gari lenyewe lina mabomba sita. Kisha huniuliza, kila mara, kwa sauti ileile aliyoniuliza siku ile:

"Injini imekaa?"

"Imekaa, Mjomba."

Na mimi husimama pale nimeshika utepe uliolowa, nikisubiri acheke. Ningetoa chochote anicheke, na muuza betri aitwe, na mtaa wote uje. Hajacheka bado. Husema, "Haya, funga," nami nafunga.